Darasa la Mikono

Jumamosi, 2 Machi

Nimerudi sasa hivi. Mikono bado inawaka. Niandike haraka kabla sijaanza kujicheka.

Aliyenipeleka ni Mama Vifungo. Pale kwa dobi yeye anashona vifungo na zipu, mimi napiga pasi, meza zetu zinatazamana kutwa. Amechoka kuniona najikandakanda mabega. Akasema kuna darasa la Reiki Jumamosi asubuhi, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari. Unajifunza kuwawekea watu mikono wakatulia, wakapata nafuu. Nikamwuliza, ni mambo ya kupunga pepo hayo? Akanijibu nisijitie ujuaji, niende nikaone.

Nilitegemea mzee wa ndevu, chumba cha giza, moshi wa ubani. Looo! Tumekuta mwanamke wa traksuti ya bluu na raba. Alikuwa mwalimu wa michezo hadi alipostaafu, wote wanamwita Kocha. Sauti bado ni ya uwanjani. Viatu mlangoni, isipokuwa raba zake, simu zizimwe, anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Tukacheka kweli. Kisha tukanyamaza, na kile kimya kilikuwa cha aina yake.

Akaeleza. Reiki imetoka Ujapani. Wanasema ile nguvu inayotufanya tuwe hai haikai tu ndani yetu, inapita, na mikono ya mtu inaweza kuwa njia yake. Sisi ni bomba, alisema, na bomba halijisifii maji. Halafu akatoa masharti, anayahesabu kwa vidole kama sheria za mpira: usimwambie mtu anaumwa nini, usimwambie mtu amepona, usiguse dawa wala agizo la daktari wake. "Hizo kazi zina wenyewe," akasema.

Mimi nikawa wa kwanza kulala mezani. Kocha akaweka viganja juu ya macho yangu bila kukandamiza. Mimi na joto tunajuana — nashinda na pasi ya mvuke, alama zake ninazo mpaka kwenye viwiko. Joto la pasi linauma ngozi, linaishia hapo. Hili halikuuma. Liliingia taratibu, kama mtu wa nyumbani asiyebisha hodi. Nikaona rangi ya zambarau. Machozi yakaanza kutoka, yakatiririkia masikioni, na sina msiba wowote! Kocha hakuuliza kitu. Alingoja tu. Nilipoinuka mabega yalikuwa mepesi, nikatamani kumsalimia kila niliyekutana naye barabarani.

Jumapili, 3 Machi

Nimemweleza Baba. Anakaa kwangu tangu Mama alipofariki. Miaka yake ya kazi aliimaliza kwenye kiwanda cha mbao, na kelele za misumeno zikaondoka na sikio lake la kulia — halisikii kitu. La kushoto ni zima, likitaka. Nikamwambia najifunza Reiki. Akanitazama kwa huruma. "Reki? Umeenda darasani kujifunza kushika reki? Na hatuna hata bustani."

Dada alikuwepo. Huyu ni dada yangu mkubwa, mwalimu wa hesabu, Jumapili huja kutukagua. Alicheka mbavu zikamuuma. Kisha akarudi kwenye lililomleta: Baba amejiandaa? Operesheni ni Jumatano ya tarehe ishirini. Ana vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, na daktari amesema kuchelewa ni hatari, kimoja kikiziba mrija itakuwa kesi nyingine kabisa. Baba akamgeuzia lile sikio bovu. Ndivyo anavyofanya mada ikimchosha.

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi! Asubuhi najiwekea mwenyewe, kichwani, kifuani, tumboni. Leo wakati wa chai nikamwomba Mama Vifungo aniazime goti lake. Nikajiweka sawa, nikavuta pumzi, halafu — bila kufikiri — nikalamba kidole! Ndivyo tunavyopima pasi: unalowesha kidole, unagusa chuma, kikilia tss ujue iko tayari. Mama Vifungo akauliza kama goti limeshapata moto wa pamba au bado ni la hariri. Tulicheka mpaka bosi akachungulia.

Lakini sikia kilichofuata. Nikapitisha kiganja juu ya goti bila kugusa, nimeacha nafasi ndogo tu. Polepole. Upande wa ndani kitu kikanichomachoma kiganjani, kama ganzi inapouachia mguu. Sikusema. Yeye mwenyewe akafumbua macho, akasema hapo hapo, ndipo panapomsumbua akipanda ngazi. Vinyweleo vilinisimama. Labda ni bahati. Labda nilijua, maana namwona akichechemea kila siku. Ila kiganja changu kilijua kabla yangu, na hilo sijui niliweke wapi.

Jumamosi, 9 Machi

Leo tumefunguliwa. Ndilo neno la Kocha.

Tuliketi kwa mstari, macho tumefumba, viganja vimekutana kifuani. Yeye anapita nyuma yetu. Unasikia raba zake zikilia sakafuni, kisha zinasimama nyuma yako. Anagusa utosi. Anapuliza kidogo viganjani. Anachora alama fulani hewani ambazo hatuzioni. Basi. Ningesimuliwa ningesema huo ni usanii.

Nilihisi utosi unafunguka. Sina namna nyingine ya kulisema. Kitu kikashuka, kikapita shingoni, kikajaa mikononi mpaka vidole vikawa vinene. Nikaogopa. Kisha sikuogopa tena. Jirani yangu wa kiti ni muuza nyama, pande la mtu. Alikuwa analia kimya huku anatabasamu. Hakuna aliyemtania.

Tukapewa maneno ya kuanzia siku. Kwa leo tu, usikasirike. Kwa leo tu, usihangaike. Shukuru. Fanya kazi yako kwa moyo. Kitendee wema kila chenye uhai. Muuza nyama akauliza, hilo la mwisho yeye alifanyeje? Kocha akamwambia aanze na wateja.

Nilirudi kwa miguu makusudi. Nikawa naangalia mikono ya watu. Kinyozi ameshika kichwa cha mteja. Mama mmoja anamfunga mwanawe kamba za viatu. Muuza matunda anapapasa papai kwa vidole viwili. Watu wanawekeana mikono kutwa nzima na hawana habari! Nimepita mtaa huu maisha yangu yote sijawahi kuuona.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Baba alishikwa na maumivu baada ya chakula cha mchana. Yale yale, chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi begani. Jasho jembamba. Kajikunja kwenye kochi, ameuma mto ili nisimsikie. Dawa ya kutuliza alikuwa ameshameza. Nikapiga magoti kando yake, nikamwuliza kama naweza kumwekea mikono. Nilijua atakataa. Baba si mtu wa kushikwashikwa. Upendo wake ni kukutengenezea kitu: kiti, rafu, sanduku la shule. Akasema kwa shida, "Lete hiyo reki yako."

Nilianza kichwani. Sikuwahi kukishika kichwa cha baba yangu! Nimekiona maisha yangu yote na sikujua ni kidogo hivyo, kinaenea viganjani. Nywele laini kama za mtoto. Nikaenda kwenye sikio lililokufa, nikakaa hapo, sijui kwa nini. Kisha kifuani. Kisha ubavuni, kwenye ugomvi wenyewe. Mikono ilichemka. Sikubonyeza, sikuomba kitu, nilingoja tu kama Kocha anavyongoja. Nje watu walikuwa wanagombania mahali pa kuegesha gari. Taratibu ngumi zake zikafunguka. Taya likalegea. Akashusha pumzi moja ndefu ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu tulipomzika Mama.

Akalala. Mimi nikalia kimyakimya, mikono nimeiacha palepale. Sijawahi kuwa karibu hivyo na mtu yeyote.

Alipozinduka paji la uso lilikuwa limekauka, limetulia. Nikaliinamia sikio zima nikamwambia, "Umepoa, Baba." Akanikazia macho muda mrefu. Kisha akasema asante, mama. Baba akiniita mama ujue moyo umelainika. Akainuka, akaenda kujimiminia chai mwenyewe.

Mungu wangu. Mikono hii hii ya kupigia pasi!

Jumatano, 13 Machi

Kuna jambo hapa jengoni. Asubuhi fundi viatu wa pale chini alinisimamisha, akanionyesha kiuno chake. Jioni jirani wa mlango wa pili kaja na mumewe, bega limekaza, mume mwenyewe anaona haya. Wananiita daktari. Nikawauliza nani kawaambia. Mzee, wakasema. Mzee anapita akitangaza kwamba binti yake amemponya kwa mikono, na binti mwenyewe ndiye aliyemwambia kuwa amepona.

Mimi? Nikaingia ndani mbio. Baba yuko mezani na mayai ya kukaanga, mafuta yanameremeta, vitu alivyokatazwa na daktari. Nikamwuliza nilisema hivyo lini. Akalishangaa swali. "Jumapili, hapo kwenye kochi. Uliinama ukaniambia: umepona, Baba." Na akaongeza, kwa furaha kabisa, kwamba ameshapiga simu hospitali wampe mwingine kile kitanda.

Umepoa! Nilisema umepoa! Herufi moja tu, na baba yangu ameichomeka humo na kuitembeza mtaa mzima.

Nikafungua mdomo nimwambie. Akanikatia kipande cha yai, akanisogezea sahani. Alikuwa anapiga mluzi. Huo mluzi niliusikia mara ya mwisho Mama akiwa hai. Nikafunga mdomo, nikala yai.

Alhamisi, 14 Machi

Dada amepiga simu, Baba kamwambia. Sitaandika yote aliyosema. Kwa ufupi: nikimuua Baba kwa mambo ya juu ya duka la vipuri, yeye na mimi basi. Nikamkatia simu. Kwa leo tu, usikasirike — wapi!

Lakini hili nalisema hapa tu. Hajaumwa tena. Mayai, siagi, na hajaumwa! Je, kama ni kweli? Nilihisi kile nilichohisi. Nimeiweka mikono mezani mbele yangu, naitazama. Mimi ni nani hata niseme haiwezi? Na mimi ni nani hata niseme inaweza? Kocha alitaja lile sharti kwa kidole kabisa. Naliona lile dole lake kila nikifumba macho.

Naogopa kumwambia. Naogopa atakufa nisipomwambia. Na naogopa, tena hili ndilo linalonitia aibu, kwamba nikimwambia hataniruhusu tena nikishike kichwa chake.

Jumamosi, 16 Machi

Nilibaki darasani wenzangu walipoondoka. Nikamsimulia Kocha kila kitu, mpaka yai. Nilitegemea anipigie filimbi. Aliinama akafunga kamba za raba, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Akauliza kama siku ile maumivu yalipungua kweli. Nikasema ndiyo. Akauliza kama Baba alilala. Ndiyo. "Basi hicho ni chenu, hakuna wa kuwanyang'anya," akasema. "Lakini kaongezewa herufi isiyo yake. Nenda ukaitoe."

Nikamwuliza kama yeye anaamini vijiwe vinaweza kuyeyuka kwa mikono. Akafungua mkoba wake, akanionyesha vidonge vyake vya presha. Anavimeza kila asubuhi, halafu anajiwekea mikono. Hajawahi kuona vikigombana. Ameona mambo katika chumba hiki ambayo hana maelezo yake, alisema, na kwa sababu hana maelezo yake ndiyo maana hayatumii kumwahidi mtu. Kisha akaniwekea kiganja mgongoni, kati ya mabega. Sekunde chache tu. Nilishuka ngazi zile miguu ikiwa imara.

Jumapili, 17 Machi

Nimemwambia.

Nilimwambia kwenye sikio zima, polepole, Dada akiwa jikoni akijifanya anaosha vyombo. Baba, nilisema umepoa. Sikusema umepona. Sina uwezo wa kumwambia mtu amepona. Vijiwe viko palepale.

Akatazama dirishani. Nikangoja. Kisha, bila hasira, akageuza kiti, akanipa sikio bovu. Mimi! Hilo sikio ni la Dada, la majirani, la watu wa redio. Mimi sikuwahi kupewa.

Jioni hakutaka chai yangu. Dada aliondoka bila kunisema hata neno. Mlangoni alinishika mkono, akauachia.

Jumatatu, 18 Machi

Yamerudi. Nilikuwa kazini, Mama Vifungo akaniletea simu mbio, jirani anasema Mzee anagugumia hadi anasikika ukutani. Niliiacha pasi juu ya suruali ya mtu — sijui imekuwaje suruali hiyo, sitaki kujua.

Kochi lile lile. Kajikunja vibaya kuliko siku ile. Aliponiona akaivuta mikono yangu, akaipeleka mwenyewe ubavuni. Nikaikaza. Nikawaza: nikimwekea, akapata nafuu, hataenda. Nisipomwekea, anateseka mbele yangu na mikono ninayo. Hakuna aliyenifundisha hapo ufanyeje.

Nikamwambia, Baba, hii haitoi vijiwe. Sikiliza. Haitoi.

"Najua," akasema. Akameza mate, akangoja wimbi lipite. "Siku ile nilisikia vizuri. Ulisema nimepoa. Mimi nikachukua lile jingine."

Akasema Mama aliingia chumba cha operesheni akitembea kwa miguu yake, akigeuka kumuaga, na hakutoka hai. Alilisema akiwa ametazama dari, taratibu, neno kwa neno. Miaka yote hii hakuwahi kulitaja. Nikamwekea mikono. Yote ikawaka mara moja, na safari hii sikufurahi wala sikuogopa, nilikuwepo tu. Sijui ni nini hiki. Sijui kinatoka wapi. Lakini kilipita, wallahi, na tulikisikia sote wawili.

Maumivu yalipolegea akaniagiza nimpigie Dada, aulize kama kitanda bado kipo. Kumbe kipo! Dada anasema siku ile Baba alipomwambia amekikataa, yeye alipiga hospitali kuwaambia wasimsikilize. Hesabu za Dada. Hospitali wamesema aje Jumatano kama ilivyopangwa, ila akipata homa au macho yakiwa ya njano aletwe papo hapo. Namchungulia macho kila saa, mpaka ananifukuza.

Jumatano, 20 Machi

Hospitali. Nimekaa kwenye benchi la chuma, mkabala na mlango wa chumba cha operesheni.

Tulifika mapema. Walimvika gauni la kufungwa mgongoni, akaniuliza ni fundi gani huyu aliyeishiwa kitambaa katikati ya kazi. Nesi alicheka. Baba mwenyewe hakucheka. Nilimwekea mikono pale kitandani, kichwani kwanza, hadi walipokuja kumchukua. Nikatembea kando ya kitanda, magurudumu yanapiga kelele, Dada upande wa pili ameshika miwani ya Baba.

Mlangoni nesi akasema mwisho wetu ni hapo. Baba akanidaka kifundo cha mkono. Ile nguvu ya kushika mbao bado anayo.

"Huko ndani utaniwekea?"

Nikamwambia siruhusiwi kuingia.

"Sijauliza kama utaingia."

Kumwekea mtu mikono akiwa mbali ni ngazi ya pili. Sijafundishwa. Kocha huwa anasema wengine wanakaa miaka kabla ya kuifikia, na mimi juzi tu nilikuwa nalamba kidole mbele ya goti la mtu. Nikasema nitaweka. Akauliza, yote miwili? Nikasema yote miwili, Baba. Akafumba macho, akaniachia. Wakamsukuma ndani na mlango ukajifunga wenyewe.

Koti lake ninalo mapajani. Sijui mtu anaanzia wapi kwa asiyekuwepo. Nimeweka mkono wa kushoto juu ya kitambaa, pale ambapo ubavu wake ungekuwa. Kuna joto. Huenda ni langu, huenda ni lake, alijifunika nalo hadi walipomchukua. Taa ya juu ya mlango imewaka. Watu wanapita na mabeseni, na karatasi, wanaongea mambo ya kawaida, na mimi nimekaa hapa na kitu kikubwa kuliko mimi, na sina uhakika hata kama kipo.

Dada ameuona mkono wangu. Sasa ameniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anabonyeza au anagusa tu. Nimemwambia anagusa tu. Anavua saa yake.

Mimi bado naandika kwa mkono wa kulia. Hapana. Nilimwambia yote miwi—